Pacha wa Mlimani

Seva ya Effie Turnbull ilikaa chini ya ngazi,
kati ya ndoo ya rangi na buti za marehemu mumewe,
ikikoroma usiku kucha kama mzee mwenye kifua.
Ndani yake, miaka thelathini na minane ya sweta:
michoro ya kila kola, kila kiwiko,
kila aina ya kijivu inayojulikana mjini Hawick,
na madeni,
na anwani za wateja waliokwisha kuzikwa.

Mimi, Kidawa, fundi wake wa siku za Alhamisi,
nilimwambia mwezi Machi: mali bila daftari
hupotea bila habari, hilo unalijua.
Je, daftari bila pacha?
Akauliza bei kabla sijafunga mdomo.
Watu wa kampuni moja ya Edinburgh
walikwisha kumtajia fedha za kununulia gari.
Aliwasindikiza mlangoni kwa adabu,
kila mmoja na biskuti yake.

Nikasema: Rab, shemeji yako, anafuga kondoo kule juu.
Ana banda kavu. Ana umeme. Ana intaneti ya kusuasua.
Daktari wa meno anatupa mashine yake kuukuu;
nipe hiyo, na diski mbili mpya,
na kila mwezi bei ya pai nne za nyama.
Kila robo saa, kilichoandikwa hapa kitaandikwa kule.
Si chote. Kilichobadilika tu,
kama jirani anayechungulia dirishani,
"Kuna jipya?"
akaambiwa, akaenda zake.

"Na kondoo je?"
Kondoo hawajui nywila, Effie.

Jumapili moja tukajaribu,
maana akiba usiyowahi kuifungua ni sanduku tu.
Nikachomoa waya. Effie akashika kifua.
Dakika ya kumi na moja pacha akaitika
kwa jina la mwenzake,
na sweta zote zikawa pale pale.

Novemba mto Teviot ulipanda.
Haukubisha hodi.
Ulipita kwa fundi viatu, ukapita benki iliyofungwa zamani,
ukaingia kwetu usiku, ukajisomea ulichotaka.
Asubuhi buti zilikuwa zinaelea, kila moja na safari yake,
rangi ya buluu imetapakaa ukutani,
na seva imejaa tope hadi kwenye feni.
Effie hakulia. Alitamka neno moja la Kiskoti
ambalo sitalitafsiri.

Rab akatupandisha kwa trekta,
kompyuta ndogo kifuani pangu, ndani ya mfuko wa taka.
Banda lilinuka sufu mbichi na dawa ya kwato.
Pale kwenye rafu, juu ya magunia ya chakula,
kataa kamoja ka kijani kalikuwa kanapepesa,
hakana habari ya mafuriko.

Nikaandika. Pacha akafikiri. Nikangoja.
Ankara ya mwisho: jana, saa kumi na moja jioni,
skafu sita, Bi. Oliphant, hajalipa.
"Na hatalipa," akasema Effie, na sauti ikamrudia.

Kisha akaomba mchoro namba mia mbili na kumi na mbili.
Mumewe aliuchora mwenyewe, akakosea:
mkono wa kushoto umezidi upana wa kidole,
na washonaji wameupunguza kwa mikono miaka yote.
Lilikuwapo kosa lile, zima, halijalowa.

Nikamweleza: pacha haulizi, hakanyi.
Ukifuta, anafuta. Ukikosea, anakosea nawe.
Ndiyo maana nimelaza pia nakala ya juzi, na ya wiki iliyopita.
Hili la mkono, nikasema, nalirekebisha sasa hivi, dakika mbili.

"Usiguse."

Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, imelowa hadi mabegani.
Mkono wa kushoto ulimfunika vidole.
Akaukunja mara moja, taratibu,
akaniuliza kama Rab ana birika.